Kanzu za Idi ndizo zilizomlisha mchungaji wetu

Barua ya wazi kwa viongozi wa ushirika wa makanisa yetu ya Kibaptisti, Mombasa

Waheshimiwa mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na ninyi wachungaji wa makanisa ya mjini: Bwana Yesu asifiwe.

Kadi ya mchango imenifikia. Imechapwa vizuri, karatasi ngumu yenye kung'aa, na picha ya Mchungaji wetu akiwa amevaa koti ambalo nalijua si lake. Tunaombwa tuchangie sherehe ya kumuaga baada ya utumishi wa zaidi ya miaka thelathini huko ndani Kwale, ng'ambo ya Kinango. Pameorodheshwa hema, viti, vipaza sauti, keki, chakula cha wageni waalikwa, usafiri wa kwaya kutoka Mombasa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, "zawadi kwa mtumishi". Niliigeuza kadi mbele na nyuma nikitafuta palipoandikwa atakula nini sherehe ikiisha. Sikupaona.

Naandika hadharani kwa kuwa njia za ndani nimezipita, na zote huishia kwenye kikao kijacho. Jina lake silitaji. Nyinyi mnamjua, na wasiomjua wana wa kwao mfano wake. Nilimweleza kwamba nitaandika. Akacheka, akaniambia kama ni lazima, basi niwaandikie wenzake walio bado na nguvu, yeye zake zimekwisha.

Wengi wenu mmemkuta akiwa tayari mzee wa kuketi kiti cha mbele kwenye mikutano mikuu, anayeombwa kufunga kwa sala kisha anasahauliwa kwenye foleni ya chakula. Ujanani alikuwa kibarua wa kubeba magunia kwenye maghala ya Shimanzi. Jioni alikaa barazani kwa fundi mmoja Mtaa wa Biashara, Mwislamu, ambaye alimfundisha kukata na kushona bila kumtoza hata senti. Wokovu aliupata Changamwe. Kanisa lililombatiza likamwona ana kipawa cha kusema, likamwambia: wewe ni Mduruma, rudi kwenu ukawahubirie watu wako. Likamwekea mikono, likampa Biblia na nauli ya kwenda. Yeye akaongeza cherehani ya mguu aliyoinunua kwa akiba yake ya gunia moja moja. Hiyo cherehani muikumbuke, maana hadithi yote imekaa juu yake.

Paulo alishona mahema. Wetu alishona kaptula za shule. Kila Januari watoto wa vijiji vitatu walipita mikononi mwake kupimwa kiuno, wenye pesa na wasio nazo, na wasio nazo walikuwa wengi. Lakini msimu wake mkubwa haukuwa Januari, wala haukuwa Krismasi. Ulikuwa Ramadhani. Kuanzia kumi la pili taa ya chemli haikuzimwa mapema nyumbani kwake: kanzu za watoto, madera, suruali za kupunguzwa, mpaka usiku wa kuamkia Idi watu wamesimama mlangoni wakisubiri kifungo cha mwisho. Mama Mchungaji ndiye aliyeshika daftari, na daftari lile nimelisoma. Miaka ya ukame, pesa za mwezi huo mmoja zilizidi sadaka ya mwaka mzima. Kwa hiyo nikisema Waislamu wa kijijini wamemlisha mchungaji wa Kibaptisti kuliko Wabaptisti wa Mombasa walivyomlisha, si maneno ya hasira. Ni hesabu.

Najua jibu lenu, maana nimeshalipata. Mnasema: sisi Wabaptisti hatuna askofu, kila kanisa la mahali ni huru, ushirika haumwajiri mchungaji wala haumfukuzi, anayemlipa ni kanisa lake. Hilo ni kweli, na mimi nalishikilia kama ninyi. Wamishonari wa Kibaptisti kutoka Marekani walipoingia Kenya mwaka 1956 waliwakuta Waanglikana wamekaa miaka mingi: mmishonari Krapf alishuka Mombasa 1844, Rabai ikafunguliwa 1846, Freretown 1875. Wamethodisti walikuwa Ribe tangu 1862. Wenzetu hao wana maaskofu na ofisi, na mchungaji wao wa kijijini ana wa kumwandikia barua. Sisi tuliletewa kitu kingine, na tulikipenda: kanisa linalokaa chini ya mti, washiriki wakainua mikono, wakachagua wenyewe. Mizizi yake ni kina John Smyth huko Amsterdam mwaka 1609, na Thomas Helwys aliyerudi London akamwambia mfalme kwamba yeye ni mtu tu kama watu wengine, hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Helwys alitupwa gereza la Newgate na hakutoka hai.

Uhuru ule ulidaiwa mbele ya mfalme. Sijasoma mahali popote kwamba Helwys alifia jela ili kanisa la mjini lipate sababu ya kutomlipia mchungaji wa kijijini bima ya afya.

Maana tazameni jinsi uhuru huu unavyofanya kazi. Ukiuliza nani mwajiri wake, ushirika unasema ni kanisa la mahali. Kanisa la mahali lina watu wazima wasiofika hamsini, wengi wao akina mama wanaolima mahindi nchi ambayo mvua huja ikitaka. Sadaka yao ni mayai, kopo la kunde, mara kuku, mara sarafu zilizofungwa kwenye ncha ya leso. Ukienda kwenye kanisa mama la mjini, unaambiwa tulilizaa, likakua, sasa linajitegemea. Lakini mwaka ukiisha, ripoti ikitakiwa, waliobatizwa kule wanahesabiwa kuwa wetu sote. Wageni kutoka ng'ambo wakija, wanapelekwa kule kupigwa picha na watoto, na kwenye hotuba inakuwa "makanisa yetu ya Kwale". Kwenye kuhesabu ni letu, kwenye kulipa ni huru.

Acha niseme alichokifanya huko, kwa sababu nahofu siku ya sherehe mtasoma wasifu wa nusu ukurasa: alizaliwa, aliokoka, alioa, amejaliwa watoto kadhaa, amelitumikia kanisa kwa uaminifu. Halafu keki.

Nchi ya Kinango si nchi ya maji, na sisi ndio tuliojichagulia ubatizo wa kuzamisha. Mwaka wa mvua alibatizia kwenye lambo, ng'ombe wakifukuzwa kwanza na vijana wakipima kina kwa fimbo. Mwaka wa ukame lambo lilibaki tope, na wanafunzi wa ubatizo wakangoja. Wakizidi kungoja, alikodi matatu akawateremsha hadi Likoni, ufuoni Shelly, wakabatizwa baharini. Baadhi yao, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa hawajawahi kukanyaga pwani ingawa wanaitwa Wapwani. Bibi mmoja alipoinuliwa majini alitema, akauliza kama chumvi ile ni sehemu ya ubatizo. Mchungaji alishika uso wake mpaka walipopanda matatu, ndipo akacheka hadi Kwale. Nauli ya safari hizo mnajua ilitoka wapi.

Mazishi siyasemi sana. Kila mchungaji huzika. Ila kwa Wamijikenda msiba si saa mbili, ni siku, na wazee wa ukoo wana yao ya kufanya kabla na baada. Yeye hakugombana nao kaburini. Alikaa nao mkekani tangu siku ya kwanza, akala sima na mchunga kama wao, na zamu yake ilipofika alisimama akasoma na kuomba kwa Kiduruma, kisha akaketi. Wazee walimheshimu kwa lile la kuketi.

Kisa kimoja lakini sina budi kukieleza chote.

Mnajua habari za wazee wanaouawa Kilifi na Kwale kwa tuhuma za uchawi. Mnajua pia, ingawa hatusemi kwa sauti, kwamba nyuma ya tuhuma mara nyingi pana shamba. Mtu akiota mvi na akawa na ekari zinazotakiwa kuuzwa, mtoto akiugua boma la pili, mzee anakuwa mchawi. Kijijini kwetu palikuwa na mzee mmoja mganga, hakuwa wa kanisa wala wa msikiti, na siku moja neno likapita kwamba vijana watakwenda kwake usiku. Mchungaji alisikia. Hakuita polisi, maana kituo kiko mbali na simu yake haikuwa na salio. Alikwenda yeye, akaketi ndani na yule mzee gizani. Vijana walipofika na mapanga alifungua mlango, akainua taa, akaanza kuwaita kwa majina. Mmoja mmoja. Jina lako, jina la baba yako, mwaka niliokushonea kaptula yako ya kwanza ya shule. Nguo waliyojifunga usoni haikuwasaidia. Fundi alikuwa akiwapima vimo tangu wakiwa wadogo. Wakatawanyika.

Mzee aliishi kwenye stoo ya kanisa, nyuma ya ile madhabahu ya mbao, mpaka chifu na wazee walipoketi na watoto wake wakamaliza neno la shamba. Jumapili zilizofuata viti vilikuwa vitupu. Washiriki walisema mchungaji amelaza mchawi kanisani. Sadaka ikashuka, wengine hawakurudi hadi leo. Na kwenye ripoti ya mwaka ule, hapa mjini, mbele ya jina la kanisa lile mliandika neno moja: limepungua.

Ndiyo maana siamini sana ripoti.

Kisha ikaja ile njaa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, na Kinango ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Mifugo ilikufa njiani ikitafuta maji. Chakula cha msaada kilipopitia kanisani, mashemasi wawili walitaka kigawiwe kwanza kwa washiriki. Akakataa. Aliwaambia orodha ya wenye njaa haiandikwi kwa dini, akamwita imamu wakakaa meza moja kuandika majina. Baadaye mwisho wa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa ghadhabu na ukuta wa nyuma wa kanisa ukaanguka. Mlikuja mkaupiga picha. Ukuta bado umelala.

Shule ya chekechea pale kanisani aliianza na mkewe kabla serikali za kaunti hazijakabidhiwa elimu ya awali. Mwalimu alikuwa Mama Mchungaji. Mshahara wake siujui kwa sababu haukuwepo.

Na hapa nataka kumsema Mama, maana kwenye kadi yenu hayupo hata kwa "na familia yake". Huyu ndiye aliyempikia kila mgeni aliyetumwa kutoka mjini: wahubiri, kwaya, kamati, wanafunzi wa chuo cha Biblia waliokuja kwa mazoezi wakaondoka na uzito umeongezeka. Kuku wa nyumba ile wamekwisha kwa ajili ya ukaguzi wa kanisa. Aliuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara ili ada ya watoto itimie, na aliachwa pembeni ya kila sifa aliyopewa mumewe. Wanaishi nyumba ya kanisa. Kiwanja chenyewe kilitolewa na ukoo kwa maneno mbele ya wazee, hati hakuna. Mchungaji mpya akija, ataihitaji nyumba. Siku Mzee akitangulia, mjane atakwenda wapi? Nimewahi kushuhudia mjane wa mchungaji mwingine, mahali pengine, akipewa miezi michache ahame, na vyombo vyake vikapakiwa kwenye mkokoteni na mashemasi walewale aliowapikia. Hakuna aliyeona amekosa. Nyumba ni ya kanisa, na kanisa ni huru.

Mwaka 2023, habari za Shakahola zilipotoka, ilikuwa fedheha kwa kila anayebeba Biblia ukanda huu. Miili zaidi ya mia nne ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa msituni, hapo Kilifi, jirani zetu. Serikali ikaunda jopo la kuangalia sheria za mashirika ya dini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ambaye naye aliwahi kuchunga kanisa la Kibaptisti Nairobi, na ripoti ikakabidhiwa Rais Julai 2024. Viongozi wengi wa dini walinung'unika. Mzee hakunung'unika. Alisema acha waulize, mchungaji asiyetaka kuulizwa ana lake. Na kweli, yeye ameulizwa maisha yake yote. Ule mkutano wa washiriki wa kila robo mwaka, ambao nyinyi mjini mnaupitisha kwa dakika kumi baada ya ibada, kule unakula mchana mzima: mama asiyejua kusoma anasimama kuuliza mbona chaki imenunuliwa boksi mbili. Hiyo ndiyo tunu yetu, na yeye ameitunza kuliko sisi.

Alipotakiwa kuonyesha vyeti alitoa kile cha masomo ya Biblia aliyoyasoma kwa miaka, kituo kwa kituo, mwalimu akija mara moja kwa mwezi na vitabu vikibaki. Kimo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo za watoto. Lakini barua ya kuonyesha kwamba yeye ni mchungaji wa ushirika huu, yenye mhuri, tarehe aliyoanza na masharti ya kazi yake, hakuwa nayo. Haikuwahi kuandikwa. Serikali inadai karatasi kutoka kwa wachungaji, na ni sawa. Mimi nadai karatasi kutoka kwenu.

Sasa tuongee pesa bila aibu.

Kwa nini anastaafu? Kadi inasema "amemaliza mwendo". Anastaafu kwa sababu ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Cherehani imefunikwa kitambaa tangu Idi ya mwaka juzi. Mahubiri angeweza kuendelea nayo, Biblia nusu anaijua kwa moyo. Kilichokatika ni ule mshahara aliojilipa mwenyewe. Kituo cha macho cha Kwale hakiko mbali, na upasuaji wa mtoto wa jicho si jambo la kupelekwa India. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliyewahudumia watu kwa miaka zaidi ya thelathini, pesa pekee inayomfikia kwa jina la uzee ni ile Sh 2,000 ya Inua Jamii, inapotoka. Hiyo ni kodi ya Wakenya wote, wa kila dini na wasio na dini. Kanisa lake halina hata shilingi humo.

Bima ya afya ya SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024. Mtu asiye na hati ya mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh 300 kwa mwezi, inayolipwa ya mwaka kwa pamoja: Sh 3,600. Hapo ndipo wachungaji wa vijijini wanapokwama. Mia tatu ataipata. Elfu tatu na mia sita kwa mkupuo mmoja, nchi ya mahindi yaliyonyauka, haipatikani. Tuseme ushirika una wachungaji thelathini wa namna hii. Wote kwa mwaka ni Sh 108,000. Vipaza sauti vilivyofungwa juzi kwenye mojawapo ya makanisa yetu ya mjini, bei yake mnaijua kuliko mimi.

NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, nayo haikatazi mtu asiye na mwajiri kujiandikisha na kuchangia kwa hiari yake. Kama mngeanza kumwekea hata mia mbili tu kwa mwezi tangu siku mlipomwekea mikono, leo tusingekuwa tunachapisha kadi. Kwake muda umepita. Kwa yule kijana mliyemtuma Samburu mwaka jana, mwenye mke na mtoto mmoja na pikipiki ya mkopo, muda haujapita. Naye ameondoka Mombasa na Biblia na nauli ya kwenda. Tofauti ni kwamba hajui kushona.

Nimeambiwa na mmoja wenu, kwa upole, kwamba nachanganya wito na ajira. Nilimpelekea Mzee mwenyewe neno hilo. Akasema: "Mwanangu, kweli mimi sikuajiriwa, niliitwa." Ni jibu lake na nalipokea kama lake. Lakini halikuwa lenu kumjibia. Aliyeitwa anaweza kusema anatosheka na kidogo. Aliyemtuma hana haki ya kumpimia kidogo hicho. Paulo yuleyule wa mahema ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili, na ndiye aliyezunguka makanisa yaliyokuwa huru kuliko sisi, akakusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Makedonia haikumjibu kwamba Yerusalemu inajitegemea.

Na msiniambie umbali. Zamani ilikuwa feri, foleni, na jua la Likoni. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu imefunguliwa. Mtu anatoka Miritini anaingia Kwale bila kuona feri. Magari ya kamati yana mafuta ya kwenda kupiga picha ukuta.

Ninachoomba hakihitaji katiba mpya wala kugusa uhuru wa kanisa lolote. Pesa zote za kadi hizi, toeni kwanza za macho yake, na za SHA kwa yeye na Mama kabla mwaka haujaingia. Zitakazobaki, jengeni vyumba viwili vya mawe na mabati kwenye shamba la ukoo wake, kwa jina la wote wawili, ili nyumba ya kanisa ibaki ya kanisa na mjane asiwe na siku ya kuhesabiwa. Wakati huohuo mwandikishe wachungaji wote wa vijijini NSSF, kila kanisa la mjini lichukue wawili au watatu liwalipie kila mwezi, na majina yasomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na risiti. Barua za kazi ziandikwe. Mahali kama hapa sipendi kutaja kiasi kwa kila kanisa, maana ni huru, si ndiyo? Basi utumieni kwa hiari uhuru huo.

Jambo jingine dogo, kwangu si dogo. Kaburi la Rosine Krapf, mke wa yule mmishonari, aliyefariki Mombasa mwaka 1844 miezi michache baada ya kufika, lipo hadi leo upande wa Nyali, na wageni huonyeshwa. Ni sawa kabisa. Lakini waliorudi vijijini na kukaa miaka thelathini hawaandikwi popote. Mtumeni kijana mmoja na kinasa sauti, akakae na Mzee wiki moja kabla kumbukumbu hazijafuata macho. Aanze na usiku ule wa mapanga, na asimkatize.

Kuhusu sherehe, ifanyeni. Watu wa kule wanataka kucheza na kuimba tenzi na kumlilia mtu wao, na imamu ameshasema atakuja na wake. Keki pia sina ugomvi nayo. Mhakikishe tu kwamba siku hiyo Mama haingii jikoni.

Kamati inakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nitakuwepo, na nitakuja na lile daftari la cherehani. Mama amenikabidhi na ameruhusu likaguliwe mstari kwa mstari. Mweka hazina, nakuomba uje na la kwenu.

Wenu katika Kristo,
Mshiriki, na mtoto wa Mchungaji huyo kwa Injili
Mikindani, Mombasa